Udongo Uliolishwa Magadi

Dada Veri,

Asubuhi ya leo nimetumia punje za mwisho za ile chumvi ya iodini ya maabara uliyonipa tulipoagana stendi. Chupa ya kahawia, uliyoizungushia plasta mdomoni ukaniambia, "Kaa nayo, Doro. Huko uendako hakuna atakayekuuzia." Ulisema kweli. Nimeitunza kuliko miwani yangu. Sasa iko tupu, na kabla sijaiosha naona ni haki yako kujua imeishia kwenye nini.

Barua ya mwanao ilinifikia hapa Rubona kwa mkono wa dereva wa lori, imekunjwakunjwa hata mikunjo imekuwa myeusi. Nilipoisoma ulikuwa umekwisha zikwa, matanga yamekwisha anuliwa, na nguo zako, anaandika, zimegawiwa. Nilikuwa nimesimama uani. Nikapindua ndoo nikaikalia. Sikulia siku hiyo. Nilijiuliza tu ni nani aliyepewa lile koti lako la maabara lenye tundu la asidi mfukoni, na kama alijua kwamba tundu lile ni langu.

Nilitaka kuja, Veri. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Lakini hapa tulipo mtu hatoki kwa kutaka. Mbele yetu ni ziwa Kivu. Upande mmoja ni mpaka wa Goma, na ng'ambo yake hali haieleweki, leo watu wanavuka na vitunguu, kesho wanavuka na magodoro. Nyuma yetu ni barabara ya Ruhengeri, ambayo watu huisafiri baada ya kusali, na si kila anayesali hufika. Jioni kila mtu awe ndani. Basi nilibaki, nikakufanyia matanga yangu mwenyewe: nilisonga ugali mgumu wa Kisukuma, ambao wewe ulikuwa ukinicheka kwamba siuwezi, nikaula peke yangu.

Na nyumba yenyewe si yangu. Nilikueleza katika barua ya kwanza, ukajibu kwa utani kwamba Mnyarwanda wako amekuwa mkimbizi hata kwao. Mwenye nyumba alivuka mpaka na watu wake, na tangu hapo hakuna aliyemsikia. Picha ya harusi yake nimeifunga kwenye shuka nikaiweka juu ya kabati. Kila hodi inayobishwa mlangoni moyo wangu unasema: ndiye. Miaka zaidi ya thelathini nilikaa kwenu nikiwa mgeni, watu wakausahau ugeni wangu. Nimerudi mahali nilipozaliwa, na ndipo ninapolala na viatu karibu na mlango. Wananiita Mama Mutanzania.

Ninaishi na Esperansi, binti wa marehemu kaka yangu. Mumewe yuko kwenye boti ya mizigo ya Bukavu, huonekana mara moja moja. Esperansi ni mjamzito, mimba yake ya kwanza, na ana tabia ya kunyamaza kuliko kawaida ya wanawake wa umri wake. Katika ua mmoja na sisi wanaishi Baba Safari na mkewe, watu wa hapa hapa, ambao hawakuwahi kwenda popote. Na huyo Baba Safari ndiye aliyenirudisha kwenye kemia nilipodhani nimeiacha Mwanza pamoja na ubao na chaki.

Kazi yake ni kuyeyusha betri za magari. Wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hili, wanahitaji vizito vya nyavu, na vizito hivyo, plombi kama wanavyoviita hapa, hutoka kwenye mabamba ya madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri. Baba Safari hununua betri zilizokufa, huzipasua kwa shoka, humwaga asidi chini, huosha mabamba, halafu huyeyusha sufuriani. Anayaosha wapi? Kisimani, Veri. Kisima kifupi kilichozungushiwa mawe meusi ya volkano, hatua chache kutoka jiko langu. Ndiko sote tunakoteka maji.

Nilikumbuka gereji iliyokuwa mlimani juu ya shule yetu, na maji ya tangi la bweni, na wewe ukiwa umeshika mrija wa kioo dirishani, rangi ya njano ikitiririka ndani yake kama yai. Ulikuwa hupendi njano ile. Ulisema ni rangi nzuri kupita kiasi kwa jambo baya namna hiyo. Hapa nilifanya vilevile: nilichota maji karibu na anapooshea, nikatia punje za chupa yako, ambazo zikikuta risasi hugeuka njano, nikangoja. Njano. Hafifu, lakini njano. Na kipimo chetu, wewe ndiwe uliyenifundisha kutokikuza, ni kipofu kwa kiasi kidogo. Kikiona, jua sumu hiyo ni nyingi.

Nikamwendea. Nilimweleza kwa adabu, kama jirani. Alinisikiliza akichokoa meno.

"Mwalimu," akasema, "we unaona mubaya kila fasi. Hii maji baba yangu alikunywa, akazeeka mpaka tukachoka naye."

Nikamwambia baba yake hakuyeyusha betri.

"Bon. Sasa unataka niache? Wavu bila plombi iko kama kitenge tu, itaelea. Wavuvi watakula nini? Mi nitakula nini? We utakula sambaza gani?"

Sambaza nilikuwa nao jikoni wakati ule ule, wamevuliwa kwa nyavu zenye plombi yake. Kuhama siwezi. Kumfukuza siwezi, na ningekuwa nani wa kumfukuza, mimi ninayelala kwenye kitanda cha mtu? Ziwani maji yapo, lakini ni mteremko wa mawe, na Esperansi na tumbo lile hawezi, wala magoti yangu hayawezi. Basi nikafanya lile moja ninaloliweza. Nikaanza kuyasafisha maji kwa udongo, kama tulivyofanya Mwanza.

Udongo wenyewe si kama ule wa mbugani kwenu. Unakumbuka ule mweusi wa Usukumani, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi hata ng'ombe anavunjika mguu? Ule ulikuwa mfalme. Wa hapa unatoka bondeni kwa wafinyanzi, mweupe wa kijivu, mpole, hauvimbi sana, na ninajua unashika kidogo kuliko wako. Lakini hapa kuna kitu ambacho hukuwa nacho. Karibu na ziwa kuna chemchemi za maji ya moto. Watu huoga humo kutibu mgongo, vijana huchemshia viazi. Niliyaonja, Veri, nikakaribia kucheka peke yangu mbele ya watu walioloa. Magadi! Maji yenyewe yana magadi. Wewe uliyekuwa ukinunua magadi sokoni na kuyatwanga kwa mchi wa jikoni mpaka mama mkwe wako akakugombeza, mimi nimeyakuta yanachemka bure chini ya mwamba.

Nikaulisha udongo wangu maji yale. Niliuloweka, nikayamwaga, nikauloweka tena kwa mapya, mpaka ukawa unateleza kidoleni kama sabuni, kama ulivyonifundisha. Huwa nasikia sauti yako ukiwaeleza wanafunzi kidato cha tatu, umenyoosha kiganja: "Udongo una mikono mingi. Kila mkono umeshika chokaa, na chokaa haiachiliki upesi. Mpe magadi. Ataacha chokaa, atashika sodiamu, na sodiamu ni mgeni asiye na mizizi, risasi ikija ataipisha." Halafu ulikuwa unafunga kiganja taratibu. "Hivi. Ameishika. Hajaiua, ameishika. Na mkikutanisha udongo huu na asidi, ataufungua mkono na kuiachia yote." Ukafungua kiganja. Wasichana wa mbele wakarudi nyuma kama vile kweli kitu kimedondoka.

Hilo neno la asidi liweke hapo, nitalirudia.

Nilipata pipa. Kila jioni ninatia maji ya kisima, majivu kidogo kuondoa ukali wa asidi ya betri, kisha udongo. Ninakoroga kwa mwiko mrefu mpaka mkono unauma. Ninatia chembe za shabu ili udongo utuame, maana uliolishwa magadi hupenda kuelea na kuyafanya maji maziwa. Asubuhi ninachota juu, ninachuja kwa kitambaa. Chini ya pipa linabaki tope. Tope lile ndilo lenye risasi. Na hapo ndipo njia yako na yangu ya kufanya kazi ilipotuletea mambo.

Unaikumbuka kalibu ya chaki? Wakati ule serikali haikuwa na chaki, shule ikapewa kalibu ya chuma tutengeneze wenyewe, na chokaa ilipokwisha wewe ukaigeuza ya udongo wetu: tope likimiminwa humo hutoka vijiti vya ukubwa mmoja, hukauka sawasawa, havipasuki, na ni rahisi kuvipima mizani. Nilirudi Rwanda na kalibu ile ndani ya godoro langu. Basi kwa mazoea nikayafanya hapa yale yale. Udongo mpya, uliolishwa magadi lakini haujatumika, vijiti, upande wa jua la asubuhi juu ya ukuta wa ua. Tope lililotumika, vijiti, upande wa ziwa. Nilijua kipi ni kipi kama ninavyojua mkono wa kulia na wa kushoto. Nilipanga vikipatikana vya kutosha nivitafutie pa kuvifungia moja kwa moja. Hatukuwahi kuliamua hilo hata Mwanza, kwamba udongo ulioshika risasi upelekwe wapi. Wewe ulikuwa ukisema tuuchome tanuri mpaka uwe kama kioo. Mimi niliogopa moshi. Tuliacha ndoo zile nyuma ya maabara, na huenda ziko pale hadi leo.

Sasa fikiria, Veri, mtu ambaye si wewe wala mimi anapita kando ya ukuta ule. Anaona vijiti vyeupe vya udongo, laini, vya ukubwa wa kidole, vimepangwa juani. Anaona nini?

Pemba. Anaona pemba, ile ambayo wajawazito wote kuanzia hapa mpaka kwenu hutafuna. Ambayo wewe mwenyewe, mwenye shahada, ulificha kwenye kabati la kemikali nyuma ya chupa ya salfa ulipokuwa na mimba ya huyu aliyeniandikia barua. Nilipokufumania ulisema, mdomo mweupe, "Ni mtoto anayetafuna, mimi nimemwazima meno."

Juzi niliamka nikakuta ukuta wa upande wa ziwa hauna kitu. Vyote vimechukuliwa. Nilimwuliza Baba Safari, akasema, bila kuinua macho kwenye sufuria yake, "Mama Safari alibeba. Iko ku barriere." Mkewe huuza vitu vidogovidogo mpakani, Petite Barrière, pale wanapopita wachuuzi wa Goma na wa kwetu: mafuta, chumvi, biskuti za kuhesabu. Na pemba.

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nilikaa kwenye basi dogo la kwenda mjini nimebana mkoba tumboni, na katika kichwa changu ulikuwa unafungua kiganja chako mbele ya darasa. Ataufungua mkono na kuiachia yote. Kwa sababu tumboni mwa mtu kuna asidi, Veri. Maji ya kisima yangeleta risasi kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimeikusanya, wiki baada ya wiki, nikaifinya, nikaipa umbo la kitu ambacho mwanamke mwenye mimba hawezi kukipita.

Mpakani nilimtafuta kila kibanda. Mwanamke mmoja anayeuza mihogo akaninyooshea kidole ng'ambo: amevuka, upande wa Goma soko limechangamka leo. Nilikwenda mpaka kwenye kamba. Askari, kijana mwenye Kiswahili cha darasani kama changu, akaniomba kibali. Sikuwa nacho. Nilimweleza. Nadhani nilieleza vibaya, maana nilianza na sodiamu.

"Bibi," akaniambia kwa upole, "unataka kuvuka kwa ajili ya udongo?"

Nikasema ndiyo.

"Udongo gani ambao haupo huku?"

Waliokuwa nyuma yangu walicheka. Mbeba mizigo mmoja akasema, "Muache mama apite, labda iko na mimba." Wakacheka zaidi. Nilisogea pembeni nikasimama kando ya mfereji. Niliiona ng'ambo kama ninavyokuona wewe nikifumba macho: miavuli, vichwa, mabeseni yanapita juu ya vichwa, mabeseni mengi ya bluu kama la Mama Safari, na sikuweza kuita kwa sababu kelele za mpaka hupokea kila jina na kulimeza. Nimefungiwa mara nyingi maishani mwangu, Veri. Kambini, kwenye foleni za vitambulisho, kwenye nyumba hii. Sikuwahi kufungiwa hivi, kwa kamba ninayoweza kuishika, huku kazi ya mikono yangu inatembea upande wa pili na kuuzwa.

Alirudi jua likiwa limeinama. Beseni kichwani. Aliponiona alisimama, kisha akaanza kusema kabla sijafungua mdomo, amekasirika na kuona haya kwa pamoja.

"Mama Mwalimu, usinigombeze. Mi nilisema, huyu mama anakausha pemba muzuri, halafu iko na haya, hawezi kukaa chini ku barriere na beseni kama sisi. Rafiki yake amekufa Tanzania, na hana ticket ya kwenda kumulia. Basi mi nimuuzie, nimupe makuta ya ticket, aende. Nilitaka ushangae tu."

Nilishika beseni kwa mikono miwili. Lilikuwa zito. Limejaa.

"Hakuna hata mumoja alinunua," akaendelea. "Pemba yako iko mubaya, Mama. Samahani. Haikupigwa moshi. Inagandama ku meno kama gundi. Wanaonja, wanatema. Hata mi nilionja nikatema. Nimetembea soko yote na aibu yako kichwani."

Nilimkumbatia pale pale katikati ya wapitaji, beseni kati yetu, na ndipo nilipolia. Alidhani ninalia kwa sababu pemba yangu haikununuliwa. Akanipapasa mgongo akaniambia, "Bon, bon, utajifunza, kupiga moshi si kazi ngumu." Kwenye basi nikamweleza, polepole safari hii, bila sodiamu. Nikamweleza betri, kisima, pipa, tope. Tukashuka Rubona. Akasukutua mdomo wake kwenye mfereji, akatema, akasukutua tena. Halafu akaenda moja kwa moja kwa mumewe, na yaliyosemwa kule ndani sikuyasikia yote, ila nilisikia, "Kumbe ni we."

Nilidhani yameisha. Nilimhadithia Esperansi tukimenya viazi, nikiigiza askari, nikitaka acheke. Aliweka kisu chini. Kisha akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Masenge, mimi nilikuwa ninakula." Masenge ndiyo shangazi, upande wa baba. Hakuniambia mapema kwa sababu niliwahi kusema mezani kwamba pemba ni ujinga. Akatoa kipande kwenye mfuko wa aproni, kimeumwa nusu, alama za meno zinaonekana.

Nilimwuliza alivichukua upande gani wa ukuta.

"Upande wa jua," akasema. "Vya upande wa ziwa nilionja mara moja nikatema, havina ladha. Hivi vina chumvichumvi, kama sabuni. Nilivipenda."

Upande wa jua ni udongo mpya. Kama ni kweli. Kama hakukosea hata siku moja. Kama mimi mwenyewe, mzee wa macho haya, sikuwahi kuchanganya safu. Unaona jinsi nilivyokuwa na uhakika wa mkono wa kulia na wa kushoto, na jinsi uhakika ule ulivyoyeyuka.

Basi asubuhi ya leo nilifungua chupa yako. Nilikata kipande cha Esperansi, nikakiweka kwenye glasi na siki. Kikatoa povu jingi, magadi yale, likanipa moyo kidogo. Glasi ya pili nikaweka kijiti kutoka kwenye beseni la Mama Safari. Nikangoja siki ifanye kazi yake, nikachuja, nikagawa punje zilizobaki kwenye glasi mbili. Esperansi amesimama kando yangu, mkono tumboni, Mama Safari mlangoni, na Baba Safari nyuma yake anachungulia juu ya bega la mkewe kama mtu anayetazama maiti ya asiyemjua.

Glasi ya beseni iligeuka njano. Si hafifu. Njano ya yai, ile ile uliyoichukia, ikashuka mpaka chini ikatulia.

Glasi ya Esperansi haikugeuka.

Mama Safari akapiga vigelegele. Mimi sikuweza. Ninajua ambacho ungesema: weupe si neno "hakuna," ni neno "sijaona." Na ni kipande kimoja cha vingi. Nilimwambia Esperansi hivyo hivyo, maana nimemficha ya kutosha kwa kumdharau. Tulikwenda kituo cha afya. Muuguzi alikuwa na subira, alinisikiliza, akasema kipimo cha damu cha jambo hili hapa hakipo, na huko kinakoweza kupatikana hakuna njia ya kupeleka. Alimpa vidonge vya kuongeza damu. Mimi nimempangia maziwa kila yanapopatikana na sambaza wazima na mifupa yao, maana chokaa ya mifupa hushindana na risasi mlangoni mwa mwili. Wavuvi wameahidi kumletea. Wamesikia. Na zaidi ya hapo tunangoja, miezi iliyobaki, tukiwa tumezungukwa na maji.

Lakini jambo moja halingoji, na nataka ulijue kwa kuwa tuliliacha pamoja nyuma ya maabara. Mchana wa leo Baba Safari alikuja na mfuko wa saruji aliokuwa ameuweka akiba. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Alisema, "Mwalimu, hiyo kitu yako tuifunge wapi?" Tukaponda vijiti vyote vya upande wa ziwa vikiwa vimeloweshwa ili vumbi lisiruke, tukachanganya na saruji na kokoto, saruji haina asidi, inafunga kiganja na kukiacha kimefungwa. Tukamimina ngazi mpya mbele ya mlango wa nyumba hii, juu kabisa, mbali na kisima. Kipande kikubwa, kizito, kibaya kutazama. Hakuna kinywa cha kukitafuna. Kuhusu mabamba, ameahidi kuyaoshea ndani ya pipa lake mwenyewe kule juu, na tope lake nitalifunga vilevile. Ahadi yake nitaitazama kila asubuhi, sitaisikiliza. Kalibu ya chaki nimemwomba aiyeyushe. Akacheka: ni chuma, haiyeyuki kwenye sufuria yake. Basi akainyoosha kwa nyundo.

Nimekaa kwenye kiti kutazama ngazi ikikauka, na nimefikiri. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba udongo hukamata risasi, wao wakaandika, wakapata alama. Hatukuwaambia kwamba aliyekamata naye hatoki. Lazima mtu akae na alichokamata, miaka yote, ajue kiko wapi. Kwa muda mrefu nimeogopa hodi ya mwenye nyumba. Sasa nina la kumwambia. Akija, kabla sijampa ufunguo na picha ya harusi yake, nitamshika mkono nimlete hapa mlangoni nimwonyeshe ngazi, nimweleze, na sitaanza na sodiamu: hapa chini usichimbe, usivunje, na watoto wako uwaambie. Mpaka siku hiyo siondoki. Hata barabara ikifunguka, Veri. Hata nauli ikipatikana. Nilitaka kuja kukulilia, na ninaona kwamba nitakulilia nikiwa hapa.

Lala salama, dada yangu, mwalimu wangu. Chupa yako nimeiosha mara tatu, kama ulivyotaka vyombo vioshwe, na nimeigeuza mdomo chini juu ya ukuta ikauke. Upande wa jua. Upande wa ziwa hautawekwa kitu tena maisha yangu yote.

Doro wako